Mtaa Uliozamishwa kwa Kiingereza

Sogeeni ndani, wa mlangoni wapishwe kwenye mkeka, mwenye mtoto ampakate, hadithi hii haipendi kusikilizwa na watu wachache. Ni hadithi ya Nchi Ile. Nasema Nchi Ile ili asitokee mtu wa kudhani nasema nchi hii. Nchi hii haina neno, mambo yake yamenyooka kama rula. Haya yalitokea huko mbali, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, ingawa nashangaa mbona baadhi yenu mmeshaanza kutazamana.

Basi katika Nchi Ile watu walizaliwa kwa Kiswahili, wakaposa kwa Kiswahili, wakaachana kwa Kiswahili na kuzikana kwa Kiswahili. Ila wakifika mahakamani, Kiswahili kilibaki nje na pikipiki. Sheria ilisema lugha ya mahakama ni Kiingereza, na neno lisilosemwa kwa Kiingereza ni kama halijatamkwa na binadamu. Jaji alikuwa Mswahili, mshtakiwa Mswahili, shahidi Mswahili, hata askari wa mlangoni akipiga miayo alipiga ya Kiswahili. Lakini mshtakiwa akisema hakuiba, jaji alitazama dari kama mtu aliyesikia ndege wa porini, mpaka mkalimani ayageuze maneno, ndipo uso wake unapopata nuru: kumbe hakuiba.

Bingwa wa kutosikia alikuwa Jaji Kinyemi. Siku moja shahidi alitoa kichekesho kizimbani, ukumbi mzima ukalala chini. Jaji Kinyemi akakaa wima, mashavu yamevimba kwa kicheko alichokizuia, mshipa wa shingo umesimama kama kamba ya mbuzi. Mkalimani alipomaliza kutafsiri ndipo jaji akacheka, peke yake, wenzake wote wameshafuta machozi na wanaulizana habari za nyumbani. Watu walimheshimu sana kwa hilo. Walisema huyo ndiye msomi.

Sasa Waziri wa Sheria na Mambo Yanayofanana na Sheria, Mheshimiwa Dokta Fumbwe, aliamka siku moja na wazo, jambo ambalo katika Nchi Ile lilikuwa likitangazwa redioni. Aliita wananchi uwanjani akawaambia kwamba taifa limekalia utajiri bila kujua.

"Kiingereza cha Waingereza kimechakaa," alisema. "Wanakitumia kila siku. Wananunulia samaki, wanafukuzia mbwa. Cha kwetu kimetunzwa mahakamani tangu tukabidhiwe, hakijaguswa na mwananchi hata mmoja. Kiko kama kilivyotoka kwenye boksi. Dunia ije ijifunze kwetu."

Dunia, kwa vile nayo ina mambo yake, ikaja. Walikuja wanafunzi wa sheria kutoka Norwei, Chile, Korea na Mongolia, wamebeba mabegi na dawa za malaria, kusoma katika Chuo cha Kimataifa cha Kiingereza cha Sheria. Wakakuta bweni lao limezinduliwa vizuri kabisa. Utepe umekatwa, jiwe la msingi linang'aa, picha ya uzinduzi imetundikwa. Kilichokosekana ni bweni. Ikabidi wagawanywe kwa wenyeji wa Mtaa wa Kisima Kipya, nyumba hii wawili, nyumba ile mmoja. Baada ya muda mfupi binti wa Norwei, Ingunn, alikuwa anajua nani kamwacha nani na kwa nini, na kijana wa Mongolia aitwaye Ganbold, ambaye mtaa ulimpa jina la Gamba ili asijione mgeni, alikuwa anakuna nazi kwa Bi Hadia na kuuliza ile kesi ya mume wa jirani imeishaje.

Mwalimu wao alikuwa Sikudhani, mtoto wa mtaa huohuo, aliyesoma sheria mpaka akabakiza kidogo tu aanze kuiamini. Mwanamke wa kujaza mlango, na sauti ya kujaza mtaa. Darasa lake lilifurika mpaka madirishani, maana hakufundisha kwa vitabu. Vitabu vilizinduliwa pamoja na bweni. Alifundisha kwa umbea. Sheria ya mikataba aliipitisha kwenye uchumba wa fundi cherehani uliovunjika mara mbili. Sheria ya mipaka aliipitisha kwenye ugomvi wa Bi Hadia na jirani yake juu ya mpapai ulioota huku ukazalia kule. Wanafunzi waliandika, wakacheka, wakauliza majina. Akina mama wa mtaani nao walikuja na vigoda vyao, wakakaa nyuma wakimsahihisha mwalimu pale alipokosea nani alianza kumtukana mwenzake.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha zao, lau si mdomo wa kaka yake Sikudhani.

Kaka mtu aliitwa Mbaruku, kinyozi. Ndiye aliyemlea Sikudhani tangu wazazi wao wafariki, ndiye aliyemsomesha kwa vichwa vya watu. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, na watu walikuja kwake hata wakiwa hawana nywele. Saluni yake ilitazamana na kile kisima kilichoupa mtaa jina. Kisima hicho Mtukufu Baba wa Maendeleo, mkuu wa Nchi Ile, alikuwa amekizindua mara tatu. Mara ya kwanza lilipochimbwa shimo. Mara ya pili shimo lilipojengewa ukuta na kupakwa rangi. Mara ya tatu ilipogundulika kwamba rangi si ile ya chama. Maji hayakuwahi kualikwa.

Asubuhi ya baada ya uzinduzi wa tatu, saluni imejaa, Mbaruku akiwa katikati ya kichwa cha mteja mgeni, akatazama kisima, akasema:

"Laiti uzinduzi ungekuwa maji, mtaa huu ungeshazama."

Watu walicheka mpaka benchi likapinduka. Mteja mgeni alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa shuka, akaomba amaliziwe upande wa pili, akajitazama kwenye kioo, akaridhika, ndipo akatoa kitambulisho.

Mbaruku akashtakiwa kwa kosa la kuukausha moyo wa taifa. Kifungo chake ni miaka saba, na wafungwa wa kosa hilo walikuwa wakipelekwa gereza la kusini kabisa, ambako watu huenda wakiongea na kurudi wakiwa wapole. Sikudhani aliposikia, alikaa chini katikati ya darasa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na siku hiyo hakukuwa na umbea.

Kesi ikaja mbele ya Jaji Kinyemi. Yule mteja aliyenyolewa akapanda kizimbani, akayarudia maneno ya Mbaruku kwa Kiswahili, neno kwa neno, na kwa kweli aliyasema vizuri. Ukumbi ukajikaza usicheke. Jaji akatazama dari, hakusikia kitu, akamgeukia mkalimani wa mahakama, Mzee Chambuso, amgeuzie.

Mzee Chambuso akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa mtu wa siku nyingi katika kazi ile, na hapo ndipo hesabu ilipomjia. Kama neno la Kiswahili mahakamani ni kama halijatamkwa, basi mbele ya sheria bado hakuna mtu aliyemkejeli Mtukufu. Shahidi hakusema kitu, Mbaruku hakusema kitu. Atakayeyasema kwa Kiingereza ndiye atakayekuwa wa kwanza duniani kuyasema, tena mbele ya jaji, tena kwenye kipaza sauti. Mzee Chambuso akashikwa na kwikwi. Akaomba maji, akaletewa, kwikwi ikageuka homa, homa ikageuka likizo.

Akaitwa mkalimani wa pili, akawa amefiwa. Wa tatu akaapa kwamba Kiingereza amekisahau, na kuthibitisha hilo akaacha kazi. Mwendesha mashtaka, Wakili Mzuzuri, aliyekuwa na cheo kirefu na shingo fupi, akaombwa na jaji asaidie kuyasema mwenyewe kwa kuwa kesi ni ya kwake. Wakili Mzuzuri akajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye kazi yake ni kulaani maneno hayo, si kuyajua.

Kesi ikasimama. Msije mkadhani kusimama kwa kesi ni nafuu. Katika Nchi Ile, mtu ambaye kesi yake haijaisha hukaa rumande mpaka iishe, na kama haiwezi kuanza basi haiwezi kuisha. Kwa miaka saba Mbaruku angetoka angalau akiwa na mvi. Kwa mwendo ule angekaa milele, hajahukumiwa kwa kosa ambalo halijasemwa.

Ndipo Waziri Fumbwe akapata wazo la pili katika mwaka mmoja, mpaka familia yake ikaingiwa na hofu. Akasema wageni wapo. Hao hawana Mtukufu, watamkejeli nani? Mwanafunzi bora wa Chuo atafsiri maneno ya mshtakiwa mahakamani, iwe ndio mtihani wake wa mwisho, na dunia ishuhudie Kiingereza chetu kikifunga mtu. Sikudhani akaitwa ofisini akaambiwa awaandae. Akaambiwa pia kwamba ni marufuku kuwafundisha tafsiri ya maneno yale yenyewe, kwa sababu yatakuwa yamesemwa, na yeye ndiye atakayekuwa ameyasema. Akikataa, mtihani utafanyika bila yeye, na kaka yake atatafsiriwa na yeyote atakayejitokeza.

Alikwenda rumande kumwona Mbaruku, amebeba mandazi na macho mekundu. Akamweleza yote kupitia wavu. Mbaruku alisikiliza huku akitafuna, akauliza ni mwanafunzi yupi atakayesimama. Akaambiwa ni Gamba.

"Gamba mtu mzuri," alisema. "Lakini Siku, mwambie asiniharibie. Ile 'laiti' aiweke mbele. Ikikaa nyuma haichekeshi."

"Kaka, ni miaka saba."

"Ndiyo, lakini nisifungwe kwa kichekesho kibaya. Nitawatazama vipi wafungwa wenzangu?"

Sikudhani akamtazama mtu aliyemlea, ndevu zimemwota bila mpangilio kwa kukosa wembe. Akamwambia kwamba akitoka humo atampiga yeye mwenyewe. Halafu akaondoka, na njiani hakumsalimia mtu, kiasi kwamba mtaa ulifika nyumbani kwake kuuliza kama amefiwa.

Darasa la kesho yake lilijaa kuliko siku zote. Sikudhani hakumtaja kaka yake. Hakutaja kisima. Alisema watasoma jambo moja tu mpaka siku ya mtihani, nalo ni namna Kiingereza cha sheria kinavyoanza kusema kitu. Hakianzi kwa kukisema, alifundisha. Kwanza kinatangaza maana ya kila neno, na maana hiyo si lazima ifanane na dunia. Mtu aliyepotea miaka mingi sheria inamhesabu kuwa amekufa, na akirudi ana njaa, ni marehemu mwenye njaa. Alichukua paka wa Bi Hadia, akamweka mezani, akawaambia: huyu, kwa madhumuni ya sheria ya ulinzi wa nyumba, atahesabiwa kuwa ni mbwa. Nani anapinga? Hakuna aliyepinga. Basi, akasema, kuanzia sasa ni mbwa, na mwizi akiingia, lawama ni ya mbwa.

Bi Hadia, kutoka kwenye kigoda chake, akasema kwamba hata kama hakuna aliyepinga, mbwa huyo bado anakula dagaa wake.

"Hilo ni la jikoni, Bi Hadia," Sikudhani akajibu. "Mahakamani jambo lisilopingwa ndilo la kweli. Kwa hiyo kabla hujasema chochote, mtafute yule ambaye hawezi kupinga."

Alisema hayo akimtazama Gamba. Gamba akaacha kuandika, akatazama dirishani, na alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyeona njia ya mkato.

Siku ya mtihani mahakama ilitapika watu. Akina mama wa Kisima Kipya walikuja na vigoda, watoto walipanda kwenye miti, watu wa miwani myeusi walikaa nyuma wakijifanya wanandoa. Waziri Fumbwe alikaa mbele na wapiga picha wake. Mbaruku akaletwa kizimbani, akamkonyeza dada yake. Dada mtu akamwonyesha ngumi.

Shahidi akarudia maneno kwa Kiswahili, jaji akatazama dari. Gamba akasimama. Amevaa suti ya kuazima, ya marehemu mume wa Bi Hadia, mikono imeishia kwenye viwiko. Akaanza kwa Kiingereza kizito cha Nchi Ile, nami nawashushieni hapa kwa lugha ya watu:

"Kwa kuwa mshtakiwa, kwa kinywa chake na si cha mtu mwingine, alitamka maneno, na kwa kuwa maneno hayawezi kueleweka kabla ya kupewa maana, basi, 'Mtaa' maana yake ni Mtaa wa Kisima Kipya, pamoja na nyumba, vibanda, kuku na watu wake wote. 'Uzinduzi' maana yake ni tendo lolote la Mtukufu linalohusu utepe na mkasi. Na isipokuwa kama Serikali itapinga, kila Uzinduzi wa Mtukufu utahesabiwa kuwa ni maji."

Jaji Kinyemi akamgeukia mwendesha mashtaka, akamuuliza kama anapinga.

Wakili Mzuzuri akainuka kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Mdomo ulishafunguka, kidole kilishapanda hewani. Hapo akaona alichokuwa anataka kukisema. Ili kupinga, ilimpasa asimame mbele ya jaji, Waziri na wapiga picha, atamke kwa Kiingereza kwamba uzinduzi wa Mtukufu si maji. Akatazama nyuma. Wanandoa wa miwani myeusi nao walikuwa wanamtazama. Kidole kikashuka taratibu, kikakuna sikio.

"Serikali haina pingamizi," alisema.

Jaji akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayemtupia mwenzake kamba. Wakili Mzuzuri akasema Serikali haina pingamizi, na inaongeza kwamba ni maji mengi, safi na salama. Waziri Fumbwe akapiga makofi, hivyo watu wote wakapiga.

"Basi," Gamba akaendelea, "kwa kuwa Uzinduzi umefanyika katika Mtaa mara tatu, na kwa kuwa Serikali imekiri ni maji mengi, mshtakiwa alichofanya ni kutoa taarifa ya maafa. Mtaa umezama."

Akakaa. Ukumbi mzima ukaanza kupiga hesabu kwa vidole.

Jaji Kinyemi alitoka nje kufikiri, akarudi, akatoa hukumu. Alisema mahakama inafungwa na jambo lililokubaliwa na pande zote. Maji yamekubaliwa. Kwa hiyo mahakama inatamka kwamba Mtaa wa Kisima Kipya umezama pamoja na nyumba, vibanda, kuku na watu wake wote, mshtakiwa akiwemo, na kwamba sheria haina namna ya kumfunga mtu aliyekufa maji. Akatoa pole kwa familia za marehemu. Kisha akanyamaza ghafla, maana alikumbuka kwamba mama yake mzazi anakaa nyumba ya pili kutoka kisimani. Mama mwenyewe alikuwa palepale, mstari wa mbele, anagawa karanga.

Gereza likasema haliwezi kumtoa mtu kwa mguu wake wakati hukumu inasema amekufa. Aje ndugu auchukue mwili. Sikudhani akaja kuuchukua mwili. Mwili ukamuuliza kama amebeba mandazi.

Alikuwa ameapa kumpiga, lakini alipomshika alijikuta amemkumbatia mpaka askari wakageukia ukutani. Mbaruku mwenyewe hakuwa na furaha sana. Njia nzima alilalamika kwamba Gamba kamsaidia kutoka lakini kichekesho kakiua. Maelezo marefu vile, na hakuna hata mtu mmoja aliyecheka. Akasema kuna watu wamefungwa kwa vichekesho, lakini yeye ndiye wa kwanza kuachiwa kwa sababu chake kimefia mahakamani.

Mtaa wa Kisima Kipya ukafutwa kwenye ramani, ukapakwa rangi ya bluu. Wakazi walilia siku ya kwanza, kwa heshima. Baadaye wakaanza kuona utamu wake. Marehemu halipi kodi. Marehemu hakokotwi kwenda kujaza uwanja Waziri akipata wazo. Mjumbe aliyekuwa akigonga milango kuwaita watu kwenye mikutano alifika mwanzo wa mtaa, akatazama ramani yake, akavua viatu, akaona maji ni mengi, akarudi. Ingunn alimpigia simu mama yake Norwei kumweleza kwamba amekufa kisheria lakini anakula vizuri. Mitaa ya jirani ikaona wivu, ikaanza kupeleka maombi wizarani nayo izamishwe, na mmoja ukaomba angalau ufike magotini.

Mtukufu akasikia msiba. Mtukufu alikuwa mtu wa huruma sana penye kamera. Akaamuru ujengwe mnara wa kumbukumbu ya waliokufa maji, palepale karibu na kisima, akaja mwenyewe kuuzindua, na msafara wake na bendi yake. Ila sasa watu wa kujaza eneo walikuwa wapi? Wenyeji ndio hao marehemu. Wakaombwa kwa adabu wajitokeze, wakae viti vya mbele, wawe ndio wafiwa. Wakatoka na vigoda vyao. Mtukufu alihutubia akilia, akawasifu marehemu kwa uzalendo wao wa kuzama bila kulalamika, na marehemu wakapiga makofi. Akakata utepe. Akaomba watu wote wasimame kimya kuwakumbuka.

Wakasimama. Bendi ikanyamaza, hata kuku wa mtaa walitulia. Na katikati ya kimya hicho Mbaruku akasafisha koo.

Sikudhani akamdaka mkono wa shati.

"Kaka, nakuomba. Wewe ndiye niliye naye."

Mbaruku akaushika mkono wa dada yake, akaubana kidogo, akamtazama kwa upole wa mtu ambaye jambo limeshamfika ulimini.

"Niache, Siku," alisema. "Marehemu hashtakiwi."

Akasema. Lilikuwa neno fupi, la Kiswahili kitupu, na laiti yake aliiweka mbele. Mstari wa kwanza ulianguka, ukafuata wa pili. Mama yake jaji ilibidi ashikwe. Jaji Kinyemi, aliyekaa jukwaani nyuma ya Mtukufu, alicheka hapohapo, kwa sauti, bila kusubiri mkalimani, halafu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Walinzi wa Mtukufu waligeukia mnara kuusoma, mabega yakiwatikisika, na mnara wenyewe ulikuwa bado haujaandikwa kitu. Sikudhani alijaribu kukasirika, ikamshinda, akamwegemea kaka yake akicheka na kulia pamoja.

Mnataka kujua alisema nini? Ningewaambia, wallahi ningewaambia. Tatizo ni kwamba mtaa wetu huu bado haujazama.